Pipa la Unga la Mama Jutta

Irmel alikuwa ndani ya pipa lililobakiwa na vumbi la unga, magoti yakigusa kidevu, akiomba asipige chafya. Kwenye ufa wa ubao aliona buti za Volkmar, msimamizi wa shamba la bwana, aliyekuwa akimwita yeye na wenzake kwa majina kila alfajiri kabla ya kazi ya jembe.

Aliyezaliwa shambani kwa bwana alikuwa mali ya bwana, awe mchunga nguruwe awe nani. Lakini akitoroka, akakaa mjini mwaka mmoja na siku moja bila kushikwa, basi huru. Mwaka wa Irmel ulikwisha jana. Hiyo siku moja ingekwisha leo, kengele ya adhuhuri ikilia. Kabla ya hapo Volkmar amguse bega tu mbele ya shahidi, imekula kwake.

"Umepotea, bwana msimamizi?" aliuliza Mama Jutta, mwoka mikate, bila kuacha kukanda.

"Nipe mkate, mama. Irmel yuko wapi?"

"Irmel yupi? Hapa kila nyumba ina Irmel wake."

"Mwenye kovu kidevuni. Anakaa kwako, mji mzima unajua."

"Mji huu nao kwa umbeya."

Volkmar akacheka, akaketi juu ya lile pipa, furushi lake mapajani. Jutta akampa mkate, akautafuna taratibu. Kila mara alinyoosha shingo kutazama njia ya langoni.

Huyu anangoja askari, Irmel aliwaza, na machozi yakamtoka. Mwaka mzima wa kuamka na tanuri, uje upotee kwa saa moja.

"Na farasi wako?" Jutta aliuliza.

"Leo nimetembea. Kengele yenu huchelewa?"

"Hulia ikitaka."

Unga ukamzidi Irmel. Akapiga chafya.

Jutta aliacha kukanda. Volkmar hakuinuka.

"Afya, Irmel," alisema, akamega kipande kingine.

Kengele ikalia. Volkmar akasimama, akafunua pipa, akanyoosha mkono. Jutta alishachukua koleo la tanuri.

"Mguse uone. Umechelewa, mwanaume wewe."

"Nimesikia, mama." Akamshika Irmel mkono, akamtoa taratibu, akampangusa unga begani. Kisha akatupa furushi ndani ya pipa, akaingia, akajikunja.

"Nifunike, dada," alimwambia Irmel. "Bwana yuko langoni na mbwa, na mimi ndiyo kwanza naanza siku ya kwanza."