Mikwaruzo Mitatu

"Pedi za breki mpya kabisa, mama, na diski nimezichonga," fundi Mbwana alisema.

Tunu, dereva wa gari la wanafunzi, akamwambia afungue gurudumu la mbele. Akalifungua akinung'unika. Tunu akasugua mgongo wa pedi kwa kitambaa chenye petroli. Rangi nyeusi ikabanduka, na chini yake ikatokea mikwaruzo mitatu aliyoichora mwenyewe kwa msumari kabla ya kulileta gari.

"Lakini zinashika," fundi alisema kwa sauti ndogo.

Tunu akamwekea ufunguo kiganjani.

"Basi wapakie wanao, uteremke nao ule mlima wa shule. Mimi nitawasubiri chini."

Fundi hakuufumba mkono. Ufunguo ulibaki juu ya kiganja chenye madoa ya rangi ileile.