Friji la Bi Mwanahawa

Sasa kila friji mtaani lina kihisi kinachopeleka joto lake msikitini, na anayemaliza mwaka bila kuvuka nyuzi nne ndiye anayepewa heshima ya kupika futari ya wote. Mwaka wa Bi Mwanahawa, mjane, ulikuwa unatimia leo alasiri.

Jirani yake Mashavu akabisha, chupa ya maziwa aliyojikamua mkononi. “Mama, friji langu limekufa. Niwekee ya mtoto, nachelewa zamu.”

“Bado ya moto hayo, mwanangu! Yatanipandishia nyuzi. Subiri adhana ya alasiri.”

“Yataharibika!”

“Subira, Mashavu.”

Baada ya adhana, kipaza sauti cha msikiti kikamtaja Bi Mwanahawa kwa jina. Alhamdulillahi! Kifua kikamjaa. Akatoka kumwita Mashavu, akakuta chupa peke yake barazani, maziwa yamekatika kwa jua. Akayamwaga upesi, kabla wa kumpongeza hawajafika.