Yai la Rangi ya Waridi

Bwana Mafuta alipasua yai, akalitazama, akaweka kikaango chini. Ute ulikuwa wa waridi.

Haukuwa na damu wala harufu. Ulikuwa waridi tu, kama sharubati iliyozidishwa maji.

"Yai ni yai, mwanangu," mama yake akasema harakaharaka. "Kaanga ule."

"Yametoka wapi haya?"

Mkewe alimtupia mama mkwe jicho kabla ya kujibu. "Tumepewa."

"Na nani?"

"Mume wangu, yai la kupewa haliulizwi ukoo."

Masikini, alisahau ameolewa na nani. Bwana Mafuta alikula ujana wake katika maabara ya mafuta ya mbegu, na jina hilo wenzake walimpa baada ya kuwaeleza wageni, siku ya harusi yake mwenyewe, tofauti ya alizeti na ufuta. Yai akalitia kwenye kopo, akaenda nalo kazini.

Huko akatoa mafuta ya kiini, akayachanganya na dawa yenye salfa, akayapasha moto. Yakawa mekundu. Akacheka peke yake kwa furaha, kisha akaacha ghafla.

Mafuta mengi ya mbegu hufanana kama ndugu. Lakini yapo machache yenye asidi ya ajabu, ambayo mnyororo wake una kipete cha kaboni tatu katikati, na hayo ndiyo dawa ile huyageuza mekundu. Kuku akila mbegu za namna hiyo, na mayai yake yakakaa jokofuni majuma kadhaa, ute hugeuka waridi. Na mtaani kwao mbegu hizo zilipatikana mahali pamoja tu, uani kwa fundi magodoro, mwanamume mtanashati mwenye sauti nzito. Huyo sponji hakutaka hata kuisikia. Magodoro yake aliyajaza sufi tupu, pamba ya mti wa msufi, na mbegu za sufi hiyo akawamwagia kuku.

Majuma kadhaa! Basi si jambo la jana.

Jioni hiyo hakuzunguka mbuyu. "Unakwenda kwa fundi magodoro?"

Kijiko kilimponyoka mkewe. "Nani kakwambia?"

"Yai."

"Nimeapa sitasema," mkewe akanong'ona. "Usinilazimishe."

"Mwache mwenzio," mama akadakia. "Kwani kila kitu lazima ukijue wewe?"

Bwana Mafuta aliumia mara mbili. Mama huyu, mjane aliyemlea peke yake, alikuwa mchangamfu ajabu siku hizi, na kila ugomvi alisimama upande wa mkwe wake. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Alimpenda mkewe, na hakutaka kumpoteza.

Jumamosi nyumba ilibaki tupu. Mama kaenda kumjulia hali rafiki yake, mke kaenda sokoni. Sokoni! Bwana Mafuta alivaa shati nje ndani, akatoka mbio.

Uani kwa fundi kuku walikuwa wanadonoa mbegu nyeusi bila wasiwasi. Mlangoni palikuwa na viatu vya kiume, na kando yake vya kike. Hakupiga hodi.

"Mtoe!" akafoka. "Najua yumo humu!"

Fundi magodoro aliinuka taratibu, sindano ndefu mkononi. Alipoona anavyotazamwa, akaiweka mezani.

"Kijana, tulia. Tulitaka tukwambie kwa adabu."

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Sikufichi, nampenda. Nataka kumwoa."

"Kumwoa! Na mimi nikiwa hai?"

"Ndiyo maana tumechelewa," fundi akasema kwa upole. "Hakuna mtu tuliyemwogopa kama wewe. Yeye kila siku ananiambia, 'Ngoja kwanza, utamvunja moyo.'"

Bwana Mafuta alitafuta tusi la kumfaa mtu yule, akalikosa. Machozi yakamtangulia. "Kwangu alikosa nini?" akauliza. "Nilimnyima nini?"

"Hukumnyima kitu. Anakusifu mpaka namwonea wivu."

Pazia la chumba cha ndani likafunuliwa. Mama yake akatokea, anajipangusa sufi mabegani.

"Wewe mtoto, unaingiaje nyumba ya watu bila hodi?" akasema. "Haya, mwamkie baba yako."