Kobe Anakaa Meza Gani?

Programu ya kusafisha ruhusa za kuingia kwenye mradi ilikuwa imeshawaondoa wote walioacha kazi. Ilipofika kwa Kobe, ikasita: "Ametumia akaunti leo asubuhi. Nimfute?"

Kidole cha msimamizi kikaganda juu ya kitufe. Kobe walimzika mwaka jana. Yeye mwenyewe alimtupia udongo.

Akafuatilia. Makubwa! Marehemu aliacha kijiprogramu kinachofanya kazi kwa jina lake, kikiwapokea wageni na kuwafungulia mradi. Nusu ya watu waliokaa naye ofisini waliingia kwenye mradi kwa mkono wa Kobe.

Nyuma yake, binti aliyeanza kazi leo akapiga makofi.

"Dada, nimeingia! Ameniandikia, 'Karibu mwanangu, usiogope kuharibu, tutatengeneza.' Huyu Kobe anakaa meza gani?"