Biskuti za Askari na Kamanda

Bi Zuleha alikuwa akiponda boga la mbwa wakati mwanawe Mohsin alipoingia jikoni kukagua ulinzi.

"Shikamoo, mama. Leo waheshimiwa wanapikiwa nini?"

"Marahaba. Boga, yai, unga wa dona na dagaa wa kusaga. Chumvi sitii. Kitunguu ndiyo kabisa, kinawadhuru."

Mohsin alitikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye mwenyewe asubuhi ile alikunywa chai ya rangi na mkate wa jana, lakini hakulalamika. Ulinzi kwanza, tumbo baadaye.

Mbwa walikuwa wawili, Askari na Kamanda, wakubwa kama ndama, na waliletwa mtaani Mabawa kwa sababu ya Mzee Sabiri. Huyu Sabiri aliendesha kivuko cha Pangani mpaka alipostaafu. Siku moja alitokea barazani kwa Mohsin, kanzu imepigwa pasi, ndevu zimetiwa hina, akasema ameleta posa. Mohsin hakumpa nafasi ya kusema neno la pili. Nyumba ile ilikuwa na binti mmoja tu, Maha, hajafika hata miaka ishirini na tano, na mposaji alikwisha kupita sitini. Mohsin alimuuliza kama nyumbani kwake hakuna kioo. Kisha akamsindikiza mpaka barabarani kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia bila kutaka, ingawa wengi walitaka.

"Ungemsikiliza kwanza," mama yake alimwambia jioni ile.

"Mama, baba wa mtoto ni mimi. Haya mambo niachie."

Akaachiwa.

Tangu afiwe na mkewe, Mohsin alimlea Maha kwa mapenzi na makufuli. Sasa aliona makufuli hayatoshi. Akaenda kwa Lucas, mfuga mbwa, akarudi na hao wawili. Lucas alimhakikishia kuwa hawatamruhusu mgeni yeyote kuvuka lango. Alisema kweli. Wiki ya kwanza hawakumruhusu hata Mohsin. Alikuwa akikaa ndani ya gari nje ya lango lake mwenyewe, akipiga honi, mpaka mama yake atoke kuwatuliza.

Watu walitarajia kuwa mwanamke wa umri wa Bi Zuleha, asiyekaa bila udhu, angedai mbwa waondolewe siku hiyo hiyo. Yeye akaanza kuwaokea biskuti. Alikanda, akasukuma donge, akakata viduara kwa mdomo wa bilauri, akavioka moto juu moto chini mpaka vikakauka vikawa vigumu. Akavirusha kutoka ngazi za nyuma, mbali na nguo zake. Baada ya muda mfupi mbwa wale walikuwa wakimwona tu, wanaketi kama wanafunzi wa madrasa siku ya mtihani.

Zilipopoa, biskuti alizifungia kwenye kikoi kikuukuu. Mohsin alikiona siku moja, kimepauka, kinanuka jasho la mwanamume, na moyo ukamlainika. Kumbe mama bado anamkumbuka marehemu baba. Hakumuuliza neno, asije akamliza.

Mjomba wake, Mzee Idarusi, kaka yake Bi Zuleha, naye alikuja kutoka Pangani kumtazama dada yake. Walizungumza jikoni mlango umerudishwa, na alipoondoka alibeba mfuko wa biskuti. Idarusi hakufuga mbwa wala paka. Mohsin alilichukulia kuwa ni jambo la uzee, akamwombea afya.

"Nyumba yangu sasa inalindwa kisayansi," aliwaambia wenzake dukani. Ni sayansi gani, hakueleza.

Maha ndiye aliyemtia wasiwasi. Kila alipotajiwa jina la Sabiri, msichana alijifunika uso kwa mtandio na mabega yakamtetemeka. Mohsin aliona binti kazidiwa na haya. Akaongeza kufuli lingine kwenye mlango wa mbele.

Ijumaa moja alirudi kutoka sala ya Alasiri akakuta lango liko wazi. Askari na Kamanda walikuwa wamelala kivulini, midomo imejaa makombo. Walimtazama, wakaendelea kutafuna.

Bi Tausi, jirani wa ng'ambo, alikuwa amesimama mlangoni kwake kwa bahati, kama siku zote.

"Kaja Mzee Sabiri na bajaji," alisema. "Kapita katikati ya hao mbwa wako, wanamnusa na kumtikisia mikia kama mwenye nyumba. Kabeba sanduku, katoka na mwanamke."

"Mwanamke gani, Bi Tausi?"

"Mimi si mtu wa kuchungulia, baba. Kajifunika buibui. Ila alikuwa ananukia udi mpaka huku kwangu."

Mohsin alipanda ngazi mbili mbili. Kichwani alimwona Maha mdogo, siku ile ya msiba wa mama yake, amemshika kidole na hataki kukiachia. Alimwona Maha mkubwa akimpikia uji yule mzee wa kivuko, akimpaka dawa ya magoti. Akajiapiza kuwa atamrudisha hata kama ni kwa kumbeba. Akausukuma mlango wa chumba kwa bega.

Maha alikuwa anapiga pasi gauni lake jipya, kichwa wazi, anaimba.

 Mohsin aliketi kitandani, akamshukuru Mungu kwa sauti, akajifuta uso kwa kofia. Mtoto yupo. Nyumba imesalimika.

"Shikamoo, baba," Maha alisema, akigeuza gauni upande wa pili. "Ndoa ni leo baada ya Isha, Pangani. Babu Idarusi ndiye walii. Bibi amesema ukitaka kuja uje, ila safari hii umwamkie vizuri baba yako wa kambo."