Jiwe Lililobaki Kileleni

Inatangazwa kwa heshima zote kwamba katika mkoa mzima wa Songwe hakuna matembezi matukufu kuliko ya Mwalimu Asajile: kupanda kilima cha nyuma ya shule, kulitazama Ziwa Rukwa lote kutoka kileleni, kisha kushuka ufukweni kuwaona mwari, heroe na viboko. Anayebisha na abishe.

Tatizo ni kwamba Mwalimu Asajile hakuwa akitazama ndege.

Aliyegundua hilo ni Yonathani wa kidato cha nne, ambaye kila Jumamosi baada ya usafi alijitolea kumsindikiza. Bwenini walimcheka. Mtoto wa Tunduma, aliyewahi kufungia mbuzi ndani ya ofisi ya walimu, leo anapenda ndege!

"Anautaka ukaka mkuu huyo," alisema Ombeni.

"Wapi! Anafuata viazi vya Mwalimu."

Viazi vilikuwa vitatu, siku zote. Kimoja cha Mwalimu, kimoja cha Yonathani. Cha tatu Mwalimu alikiweka juu ya mwamba ufukweni, akakifunika kwa jani la mgomba, ndipo akainua darubini. Mwari walijaa majini, midomo yao mikubwa kama mifuko. Yeye alielekeza darubini kwenye matete. Mamba alipoteleza kuingia ziwani, Mwalimu alifumba macho. Kisha akatembea ameinama, akichunguza tope.

Wakati wa kurudi, kileleni, alisimama mbele ya jiwe moja la ukubwa wa ngumi.

Utaratibu wa shule ni huu: kila anayeshuka ziwani huacha jiwe lake kileleni, na akirudi hulichukua na kulitupa. Jiwe likibaki, kuna mtu amebaki chini na mamba. Jiwe hili lilibaki miaka mitatu iliyopita, kwenye matembezi ya kidato cha kwanza.

Mwalimu hakuwahi kulizungumzia. Jumamosi hii alilizungumzia.

"Mlikuwa thelathini na mmoja. Mkarudi thelathini na mmoja. Kila mtu akachukua jiwe lake. Hili likabaki."

"Labda hesabu zilikosewa, Mwalimu."

"Hesabu nimefundisha miaka thelathini na minne, mwanangu." Alilipangusa jiwe vumbi kwa kiganja. "Unawakumbuka watoto wa wafugaji waliokuwa wakitufuata kwa ajili ya maandazi? Mmoja wao aliweka jiwe kama ninyi, akashuka na sisi. Nilipokwenda kuuliza kwao, kambi ilikuwa imeshahama. Majivu tu."

Upepo ulipanda kutoka ziwani. Huko chini matete yalilala, yakainuka.

"Nikilala namsikia," Mwalimu aliendelea. "Ananiita kutoka humo. 'Mwalimu, Mwalimu.' Hata jina lake silijui nimwitikie."

Yonathani aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Mwezi ujao nastaafu. Mama Tumpale ameshapaka nyumba rangi kule Ileje, ananisubiri. Jana nimempigia simu, nimemwambia siendi. Nitajenga kibanda pale mwambani, nibaki na mtoto huyo."

"Mama amesemaje?"

"Amelia."

Mwalimu alilirudisha jiwe mahali pake, taratibu, kama anayemlaza mtoto. Kisha akageuka.

"Na wewe je, Yonathani? Ndege huwapendi, nimekuona. Kiazi chako hukimalizi. Mbona kila Jumamosi uko nyuma yangu?"

Hapa mtangazaji wa habari hizi amekwama. Yonathani ni mimi.

"Mwalimu," nilisema, "siku ile niliweka mawili."