Godoro Kavu la Fundi Kibwana

Sheria ilikuwa wazi: fundi akilalamikiwa kwa kazi ya ovyo, alale chini ya kazi hiyo mpaka itengemae. Ndivyo serikali ilivyomvika Kibwana bangili ya mguuni ya kumzuia asitoroke, na kumleta sebuleni kwa Bi. Tatu Mkude, ambaye paa lake jipya lilivuja kila chumba.

Basi Bi. Tatu akawa anamlisha aliyemtapeli. Akimuuliza, jibu ni lilelile: "Bado kidogo tu, mama. Kesho namalizia." Kesho ya mafundi, nani asiyeijua?

Masika yalipokolea, ikaja roboti ya ukaguzi. Ikapapasa godoro la Kibwana, ikalikuta kavu. Bangili ikafunguka.

"We! Ngoja!" Bi. Tatu alifoka, ndoo mkononi. "Kaziba juu ya kichwa chake tu! Chumbani kwangu ni chekeche!"

"Sheria inapima anapolala fundi," roboti ilijibu kwa adabu.

"Asante kwa ugali, mama," Kibwana akasema, huyo akaenda zake.

Bi. Tatu akasonya, akaburuta godoro lake lililolowa mpaka pale pakavu, akajitupa juu yake. Roboti ikampiga picha.

"Mlalamikaji amepata pa kulala," ikasema. "Lalamiko limefutwa."